Vikombe vya Ndege Kabatini kwa Mama

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
3 Mei, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Sitara,

Assalaam aleikum. Hujambo wewe, shemeji Abdulkadiri na watoto? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Miguu ya Mama bado inavimba jioni, lakini ulimi wake hauna tatizo lolote, na anawasalimu sana. Joto limepungua tangu mvua zianze, na matope ya Kariakoo unayajua mwenyewe.

Utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Kila nikikupigia, Mama ananinyang'anya simu kabla sijamaliza kukujulia hali, na haya ninayotaka kusema hayasemeki akiwa pembeni. Haruna wa duka la jirani anakuja huko Maskati kufuata manukato, basi nimempa aibebe.

Vile vikombe vya kauri ulivyotutumia vilifika salama. Nilivigonga kimoja kimoja kwa ukucha, kama ninavyofanya dukani kwangu, nikatega sikio nisikie kama kuna chenye ufa. Vyote sita vililia vizuri. Sikufichi, nilitamani kimoja kiwe na ufa.

Ni vizuri, na mimi muuza vyombo sisifii ovyo. Ndege wamechorwa kama wale wa vitabu vya zamani, rangi zimepauka kidogo, kila unyoya na mstari wake mwembamba wa wino. Kuna heroe kasimama kwa mguu mmoja, kuna mdiria, kuna hondohondo na mdomo wake, na yule kasuku mwekundu ambaye ukimtazama unadhani atakutukana.

Mama kaviweka kabatini, rafu ya juu, mbele ya sahani za harusi yake. Anavifuta mwenyewe kwa ncha ya kanga. Akija mtu, hata muuza mkaa, kabati linafunguliwa aonyeshwe ndege mmoja mmoja, na aambiwe: hii ni zawadi ya Sitara, mwanangu wa Maskati. Mwanawe wa Kariakoo nimesimama hapo hapo na birika mkononi, hakuna anayenitaja. Vikombe nilivyomletea mimi miaka yote hii vimeishia jikoni, na kimoja anawekea sabuni.

Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kumbe ikiwa na picha ya kasuku inaua.

Zahoro, mume wangu, ananicheka. Anasema mtu mzima hanuni kwa sababu ya kikombe. Yeye hakupokonywa kikombe mkononi.

Jumapili iliyopita alikuja Evelyn, jirani yetu wa ghorofa ya juu, pamoja na mama mkwe wake kutoka Moshi. Mama akaagiza vikombe vya ndege, yeye mwenyewe akachukua chake cha bati. Mimi nilikuwa nimetoka mitaa ya Gerezani kufuata mzigo wa duka, nyayo zinawaka. Nilipomaliza kuwamiminia wageni, nikajimiminia na mimi kwenye kile cha kasuku. Sijakifikisha mdomoni, Mama akakitwaa mbele za watu, akaihamishia chai yangu kwenye kikombe changu cha bati, kile cha ukingo wa buluu, akanirudishia. Evelyn alijifanya anatazama feni.

Roho iliniuma, Sitara. Nilivumilia mpaka wageni walipoondoka, kisha nikamwaga yote ya moyoni. Nikamwambia mimi ndiye ninayempeleka kliniki, mimi ndiye ninayemkanda miguu, halafu kikombe tu ananinyima kwa sababu kimetoka kwako. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Vile ni vya wageni," akasema. "Kwani wewe mgeni humu?"

"Na Sitara akija?"

Alilitazama kabati.

"Atanywea cha kasuku. Nimemwekea."

Mdogo wangu, nilifurahi. Nakwambia bila haya, nilifurahi hata chai ya bati nikaiona tamu. Nilikwenda jikoni nikitabasamu peke yangu, nikafungua gunia nipime mchele. Kipimo chetu siku hizi ni kikombe chako cha bati, kile chenye ua jekundu, ambacho ulikuwa humruhusu mtu kukigusa. Kila siku nakishika, wala sikuwa nakiona. Siku hiyo nilikiona, na furaha yote ikaniisha.

Nimekisugua kwa majivu mpaka ua limetokeza tena, nikakitundika msumarini kati ya changu na cha Mama. Mama alikiona. Jioni ile mchele aliupima kwa viganja.

Nisalimie shemeji, na umbusu mwanao mdogo Chiku kwa niaba ya mama zake wakubwa wa hapa mtaani. Zahoro na Evelyn wanakusalimu. Mungu awalinde, awape riziki ya halali, na afupishe njia iliyo kati yetu.

Vikombe vingine usilete. Njoo wewe, na ukifika usiketi sebuleni. Pitiliza moja kwa moja hadi jikoni ukachukue kikombe chako msumarini, kabla Mama hajafungua kabati.

Wako akupendaye, pamoja na wivu wake wote,
Dada Shamsa