Aliyempa Hanna Damu

Usa River,
15 Oktoba 1956

Kwa kaka yangu Kaanaeli,

Shikamoo kaka. Natumaini joto la Tanga halijakumaliza, na shemeji na watoto hawajambo. Huku Meru sisi ni wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini ukimwambia apumzike anakutuma wewe ukapumzike. Kahawa imezaa vizuri, na ndizi ndiyo usiseme.

Mchumba wangu Hanna amepona kabisa. Juzi nilimwona amejitwika majani ya ng'ombe, mzigo ambao mimi ningeuzunguka kwanza mara mbili. Siku ile alipojikata paja kwa mundu hatukutegemea angefika hospitali ya mjini akiwa hai. Nilikuandikia mwezi wa nne jinsi daktari alivyoomba damu, ndugu wa Hanna wakatoka mmoja mmoja kama watu waliosahau kitu nje, wakinong'ona habari za mumiani wanyonya damu, nikabaki mimi.

Harusi ilikuwa ifungwe mwezi wa nane. Mzee Sumari, baba mkubwa wa Hanna, akaizuia. Alisema damu yangu ikishaingia mwilini mwa Hanna, sisi ni ndugu, na ndugu hawaoani. Mchungaji alimjibu kwamba kama ni hivyo basi Wakristo wote tusioane, maana tunashiriki kikombe kimoja. Wazee walicheka. Mzee Sumari hakucheka. Alisema yeye ni mzee wa kanisa na kikombe anakijua, ila hili ni la chupa ya hospitali.

Kaka, ningeweza kuyamaliza maneno yale kwa sentensi moja, nikanyamaza. Jumapili iliyofuata tulikuwa na Meza ya Bwana. Mchungaji aliponifikia na kikombe, alisema damu ya Kristo imemwagika kwa ajili yangu. Niliona wazi kwamba ninaishi kwa damu isiyo yangu, niliyopewa bure, nami nilikuwa nimejivika heshima ya damu ya mtu mwingine.

Damu iliyomponya Hanna si yangu. Dresa, msaidizi wa daktari, alipima yangu akasema haipatani na ya Hanna. Wakaitoa hata hivyo, apewe mgonjwa mwingine ambaye simjui mpaka leo. Aliyempa Hanna ni Nalepo, mama wa Kiarusha anayeuza maziwa kule Themi, aliyekuwa wodini akimuuguza mwanawe. Hajabatizwa, wala hakuuliza sisi ni watu gani. Alikunja shuka lake, akanyoosha mkono, kisha akarudi kwa mtoto wake. Mimi nilitoka na bandeji, watu wakanipokea kwa machozi, nikaona vigumu kuwakatiza. Hata wewe nikakudanganya kwa maandishi. Nisamehe, kaka.

Nilimwambia Hanna kwanza, kabla ya wazee. Niliogopa kuliko siku ya sindano. Aliuliza jina la yule mama. Kisha akasema, “Tangu nitoke hospitali sikuweza kukukatalia neno lolote. Ningemkataliaje mtu aliyenipa damu? Leo ninaweza. Basi niombe upya, nami nitafikiri.”

Nikamwomba. Alifikiri wiki tatu, na mimi nikakonda. Katika wiki hizo alikwenda Themi akamtafuta Nalepo, wakakaa pamoja kutwa nzima, akarudi akitangaza kwamba amepata dada. Wazee nao nikawaeleza, na Mzee Sumari hakuweza kubisha, maana kanuni kwamba damu hufanya undugu ni yake mwenyewe. Sasa ameagiza Nalepo akae upande wa bibi harusi, na ameuliza mara mbili kama Waarusha wanakula ndizi za nyama.

Jana baada ya ibada Hanna alinijibu. Amekubali. Kaka, nimekubaliwa nikiwa mimi mwenyewe, bila sifa ya kuazima, na sijui nimshukuru Mungu kwa maneno gani. Namwombea pia yule mgonjwa aliyepewa chupa yangu, popote alipo. Nafurahi kwamba hanijui.

Harusi itakuwa tarehe nane Desemba. Njoo na shemeji, mama amekwisha kuwatandikia. Yeye na Hanna wanakusalimu sana.

Dismasi, aliyepita huko na mizigo yake ya biashara, alinieleza kwamba barua yangu ya mwezi wa nne uliisoma kanisani, washarika wakalia. Nakuomba uwasomee na hii.

Ni mimi mdogo wako katika Kristo,
Ephraimu