Hirizi Haikuingia Kwenye Mashine

Masanja mwanangu,

Nani alikutuma umfunge baba yako hirizi ya chuma, useme shangazi yako kamroga? Hapa hospitalini Mwanza nesi kaivua mara moja, maana mashine ya kupiga picha ubongo ni sumaku. Baba yako akaingia bila hirizi, akatoka mzima, akadai sato na ugali.

Picha imeonyesha kemikali za ubongo wake zimebadilika, ndiyo maana mkono unatetemeka. Nikamwuliza daktari, "Na uchawi uko wapi hapo?" Akasema, "Bibi, huu ni ugonjwa."

Ziwa limetulia, mkono bado. Wajukuu nawapenda, hata wewe. Sasa nenda kwa shangazi yako, upige goti umwombe radhi, mbele ya majirani uliowatangazia.

Mama yako