Kamati Inataka Kujua Jinsia ya Mpenzi

Shangazi Rubab, shikamoo. Mpendwa mshauri, naomba msaada na naomba jina langu lisitoke gazetini, mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari moja huku Kilolo, nina miaka thelathini na minne, sijaoa na sitaoa kwa sababu nampenda mwanaume mwenzangu, tumwite Vitus, yuko Iyunga anauza spea za pikipiki, huu mwaka wa sita, na mashairi ninayomwandikia watu huyasoma harusini wakidhani ni ya mwanamke, nami nanyamaza nakula pilau.

Sasa matroni amekuta shairi la mapenzi chini ya mto wa msichana mmoja bwenini, mwandiko ni wa rafiki yake, naye tumwite Faustina, wa Kidato cha Tatu, mkuu wa shule anataka Faustina afukuzwe, ila kwanza kamati ya nidhamu ikae Ijumaa na mimi kama mtaalamu wa lugha nieleze huyo mpenzi anayetajwa kwenye shairi ni wa kike au wa kiume. Shangazi, shairi ni langu. Nililisoma klabu ya ushairi, Faustina akaja ofisini kulinakili, akaniuliza, "Mwalimu, watu kama sisi chuo wanafika kweli?" nikamwambia akamalize kazi ya nyumbani. Kanakili beti zote isipokuwa ule unaotaja ndevu, kwa hiyo alielewa namwandikia mwanaume. Nikisema ni langu wataniuliza namwandikia nani, nikinyamaza anarudi kwao kulima viazi, na ndiye anayeongoza darasa. Naogopa sana. Nifanyeje?

Mwalimu, Kilolo

Marahaba, mwalimu. Pole, na pole ni hiyo moja, kwa sababu nina ugomvi na wewe. Mtoto kakuuliza swali la maisha yake, umempa kazi ya nyumbani. Jibu ni ndiyo, wanafika, na cheti chako ni ushahidi. Mwambie leo, mlango ukiwa wazi.

Kamati imekuuliza sarufi, ijibu kwa sarufi. Mimi Kiswahili nimejifunzia kaunta ya vitenge ya marehemu baba hapa Mbeya, na hata mimi najua mpenzi yuko ngeli ya A-WA pamoja na mbuzi, wala ngeli haiulizi jinsia. Halafu sema shairi ni lako na mwanafunzi alinakili kazi ya klabu. Ni kweli tupu. Wakitaka jina la mpenzi, waambie mshairi halazimiki kumleta kikaoni, kisha nyamaza. Usijichongee kwa kukiri zaidi. Ukifukuzwa, watoto wengine wa aina yake hapo shuleni watabaki na nani?

Uamuzi uandikwe kwenye muhtasari, wa mdomo usiukubali. Watanong'ona juu yako, ndiyo. Wewe una kazi na una mtu wako Iyunga. Faustina ana shule hiyo tu.

Unaogopa, nimesikia. Yeye ana miaka kumi na saba, na Ijumaa atasimamishwa peke yake mbele ya watu wazima ambao wameshaamua. Fika mapema, ukae upande wake.