Jina Lako Kwenye Gemu ya Ndege

Kibugu,
S.L.P. 318,
Embu.

14 Juni 2025

Mpendwa binamu Lennox,

Habari za Kanada? Baridi ya huko imekuacha mzima? Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama yako yuko salama. Goti bado linamsumbua asubuhi, lakini chai anachuma kama kawaida. Barua hii naipitisha kwa Njeru wa kanisani kwetu, anayekuja kusoma huko, maana simu zangu huzishiki. Huu ni mwezi wa tatu! Umenuna kama mtoto aliyenyimwa mandazi.

Wacha niseme moja kwa moja. Nimegusa ile sehemu ya gemu yetu uliyonikataza, na nakumbuka ulivyosema: ukiigusa, toa jina langu.

Mambo ya gemu za kizamani uliyoyapenda yapo. Ndege wetu kweleakwelea bado wanashuka kwa safu kwenye shamba la mawele, pointi zinahesabiwa juu, maisha ni matatu. Ya miaka ya tisini yapo pia: skrini inajaa ndege mpaka huoni pa kupita, na mlinzi wa shamba hafi mpaka waguse kile kitone chekundu kifuani.

Nilichobadilisha ni hiki: ukifa, unabaki na makombeo uliyokwisha kupata, kama gemu za siku hizi. Wewe ulitaka mtu aanze upya mikono mitupu.

Wa kulaumiwa ni mama yako. Nilimpa simu ajaribu kwa vile alilinda mawele huko Siakago kabla hajaolewa huku. Akaanza upya mara tano, kisha akanirudishia. "Ruguru, hii ni kazi ya bure. Hata ndege wenyewe hawanyang'anyi mtu kombeo." Akaenda zake kuchuma chai. Wewe ungemjibu nini? Mimi nilifungua kompyuta, nikabadilisha.

Sasa simu haimtoki mkononi. Na ajabu, ndege hawapigi! Anapiga mbele yao ili kundi ligeuke, ndivyo walivyofanya kwao, na gemu ilikuwa haimpi hata pointi moja. Nikaongeza hilo nalo: ukiligeuza kundi zima, unapata pointi maradufu. Kila aliyejaribu amelipenda hilo kuliko mengine yote, na sisi tuliosoma kompyuta halikutujia akilini.

Tarehe 28 naipeleka kwenye maonyesho ya gemu pale Kaaga, Meru. Baada ya hapo sitaweza kubadilisha kitu, kwa hiyo suala la jina lako linataka jibu sasa.

Jumapili mama yako alimaliza hatua ya mwisho, majina ya waliotengeneza yakaanza kupanda. Akavaa miwani. Langu likapita. Lilipotokea lako akalisoma kwa sauti, la ubatizo na la baba yako, kisha akarudia hatua nzima ili alisome tena. Amefanya hivyo kila siku wiki hii.

Sijalitoa, Lennox. Ukitaka litoke, mpigie umwambie mwenyewe. Mimi siwezi.

Baba anakusalimu, Ciku na Gichovi pia. Mungu akutunze huko ugenini, akupe kazi njema na watu wema.

Wako akupendaye hata ukinuna,
Ruguru