Jeneza la Treni ya Giza

Jumanne, 1 Desemba 1998

Leo mafundi wamekwangua ukuta wa Treni ya Giza, mchezo wetu wa kutisha wageni hapa ufukweni. Chini ya rangi nyeusi kukatokea mifupa ya kuchorwa, ya kijani. Chini ya mifupa – watu weusi wenye midomo mikubwa, sufuria, mzungu anachemka ndani yake. Ambokile, fundi wetu Mtanzania, akasema alipofika hapa watu hao bado walikuwepo na wageni walicheka sana. Uchaguzi wa tisini na nne ulipokaribia, tajiri wa zamani akawafunika kwa rangi haraka haraka. "Wapika watu tumestaafu," akasema. "Sasa tunakaza nati."

Mr Naidoo, tajiri mpya, hataki mifupa wala sufuria. Watoto wa sasa wana video, anasema, sanamu haiwatishi. Anataka mtu hai: lile jeneza la zamani mle ndani lifunguke, mtu ainuke. Akatutazama mmoja mmoja sisi wakata tiketi. Macho yakaishia kwangu.

Nimekubali. Sitaki kurudi kuuza sabuni sokoni Warwick – hiyo ndiyo sababu ninayojipa. Ipo nyingine. Siigusi.

Jumatatu, 7 Desemba

Siku ya kwanza ndani. Jeneza linanuka gundi. Behewa likikaribia linakanyaga chuma relini, kifuniko kinafunguka chenyewe, nami nainuka. Wanapiga mayowe. Mwanamke mmoja alinitukana kwa Kizulu, kisha akaniomba msamaha, kwa heshima, kama mtu anayemwomba marehemu.

Mama hajui. Anaamini bado niko dirisha la tiketi. Nitamwambiaje? Kwetu mtu hajaribu jeneza. Hata kuliegemea, mtoto anachapwa.

Na Baba hakulipata. Walimchukua nyumbani Buyenzi vita vilipoanza, Oktoba ya tisini na tatu, kabla hatujakimbilia huku; hakurudi. Mwili haukuonekana; basi, kwa Mama, hakuna aliyekufa. Hajawahi kumlilia. Matanga hayajaondolewa. Akina mama wa kanisa walijaribu kumwandalia siku ya kumaliza msiba, akawafungia mlango.

Nami nashinda ndani ya jeneza, kwa mshahara.

Jumapili, 13 Desemba

Balaa. Baada ya ibada Mama Estella, kiongozi wa akina mama, ametangaza: Jumatano ni sikukuu, twende beach, tupande treni ya Odette – yaani mimi. Mama alitabasamu! Nikasema inatisha, wengine mna presha. Mama Estella akauliza: tuliovuka ziwa usiku risasi zikilia, utatutisha na katuni?

Mchana nikamwomba Mr Naidoo ruhusa ya Jumatano. Hakuna off sikukuu. Asiyekuja asirudi tena.

Jumanne, 15 Desemba

Ambokile anasema nimwambie Mama tu. Jioni nilifungua mdomo, yeye anachambua maharage. Akaniwahi: ndani ya treni iko nini? Nikasema sanamu.

Basi mpango wa Ambokile. Akina mama wakipanda, atapiga mluzi. Nisiinuke. Watapita, wataniona sanamu kweli. Sharp, anasema, itakwenda sawa.

Jumatano, 16 Desemba

Niandike yote.

Mluzi nikausikia. Nikatulia. Kifuniko kikafunguka – hapo hapo umeme ukakatika, behewa likasimama mbele yangu, taa ya dharura ikawaka. Mama kiti cha mbele. Mimi chali, unga usoni, macho wazi.

Ningeinuka, angepiga yowe kama wote, ukawa mchezo. Lakini nilibaki nimelala!

Mama Estella alicheka kwanza. Akanitambua. Akaacha.

Mama akashuka relini. Akapiga magoti. Nilitaka kusema ni mimi, niko kazini. Akaweka kiganja usoni pangu, akanifumba macho. Hili, kisha hili. Halafu akalia – kilio cha kwetu, cha msibani – na jina alilotaja si langu. La Baba.

Wakashuka wote. Wakaimba wimbo wa maziko, mpaka mwisho. Sikufumbua macho. Sijui nilikuwa nani pale.

Umeme uliporudi, waliokuwa kwenye foleni nje, waliosikia kilio na wimbo, walikuwa wanapiga makofi.

Alhamisi, 17 Desemba

Asubuhi Mr Naidoo amenishika bega. Jana umeme ulipokatika aliingia na tochi, akaona yote; hajaona kitu kama kile, anasema. Jeneza lililala miaka bila maana. Sasa amejua treni inataka nini: waombolezaji. Wale akina mama waje kila wikiendi, atawalipa. Na yule aliyeshuka kunifumba macho, hasa yeye. Nikasema nitauliza. Eish. Kwa nini sikusema hapana?

Sasa mapumziko ya mchana. Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi yake. Mama amekuja peke yake. Kavaa nguo nyeusi, mkoba mapajani. Amekwishaongea na mchungaji: matanga yataondolewa Jumamosi. Nikamuuliza amefuata nini huku. Akasema taratibu, kama anayeulizia kiti:

"Ile sanduku, Odette. Patroni wako atuuzie. Nataka kuizika."

Mlango umefunguka. Mr Naidoo amemwona, anamtambua, anatabasamu, amenyoosha mikono yote miwili. Mama ananyanyuka, mkoba mkononi. Naacha kuandika, itabidi niwatafsirie.