Diski za Guka na Vifungo vya Nyambura

Jumatatu, 2 Juni

Diski ya tisa. Kompyuta inasoma polepole, kama mtoto wa nasari. Baridi ya Silanga hapa Kibera leo si mchezo, ukungu wa dam, lile bwawa la hapa chini, umeingia mpaka dukani. Wateja watatu tu. Wawili wametaka sinema kwa flash, mmoja alitaka kuchaji simu. Huyo wa simu nimemfukuza. Soketi zote zimeshikwa na kazi ya Guka.

Guka ni mwenye ploti, nyumba za kupangisha, kule Kawangware 46. Wapangaji wake wote wanamwita Guka, yaani babu, na mimi nimefuata. Haoni kabisa. Presha ya macho ilimaliza moja, ikarudi kuchukua la pili. Ana diski sitini na mbili za muziki, zile za spika zote: mbili mbele, moja katikati, mbili nyuma, na besi. Mashine yake ya kuzichezea inakufa na mafundi wamesema spea hazitoki tena. Anataka muziki wote uingie kwa kompyuta, ucheze vile vile. Mpangaji wake Mama Brayo ndiye alimwambia kuna mwanamke Kibera anajua mambo hayo.

Mwanamke mwenyewe ni mimi. Miaka kumi natoa muziki kwa diski, lakini wa spika za nyuma sijawahi kugusa. Sikumwambia.

Jumatano, 4 Juni

Aibu tupu. Nilimpelekea diski kumi za kwanza asikize. Akaketi kwa kiti chake, katikati kabisa ya sebule. Sekunde tatu, mkono juu.

"Akoth, hawa watu wote wamesimama mlangoni. Wale wa nyuma umewapeleka wapi?"

Kumbe programu inakunja spika zote ziwe mbili, usipoikataza. Woofer yangu dukani ina spika mbili. Ningejuaje? Nikaanza kujitetea, ati labda waya. Akacheka. Akasema nikae, akaweka diski moja aliyobaki nayo kwa ile mashine yake mgonjwa.

Mungu wangu. Ananionyesha kwa kidole: mwenye fidla yuko pale karibu na kabati, mwenye ngoma dirishani. Halafu mwimbaji, mwanamke, akavuta pumzi nyuma ya bega langu. Niligeuka kumwangalia! Mimi, mwenye macho mawili mazima.

Kitu kingine niliona, tangu siku nilipochukua diski. Guka anaomba kila kitu. Kikombe kiko wapi. Nani amesogeza slipa zangu. Chakula analetewa na Mama Brayo, nguo anachaguliwa. Lakini muziki, hapana. Anasimama mwenyewe, anapapasa rafu iliyo nyuma ya kiti, anatoa anachotaka, anaweka, anarudi kukaa. Rafu sasa haina kitu, diski ziko kwangu, amebakisha moja tu ya kujiliwaza. Alisema, "Hapa peke yake ndipo siombi mtu." Nimeshika hilo.

Ijumaa, 6 Juni

Narudia zote, pamoja na ile moja aliyokuwa amebakisha, na njia zote sita za sauti safari hii. Faili ni kubwa ajabu.

Duka lilikuwa limejaa mpaka sina pa kuweka mguu, kwa hivyo nimefanya kama kawaida. Diski zote nje ya kava zake za plastiki, nikazichomeka kwa kile kijiti cha mkebe wa diski, kava kwa gunia. Kwa kazi yangu kava ni takataka. Mteja anataka kilicho ndani. Gunia nimempa Mama Owino anayekusanya plastiki kando ya dam, akanibariki mara mbili. Kava zenyewe zilikuwa chafu, zimegandishwa vifungo vya nguo na supaglu, moja moja. Wajukuu wa Guka hao, bila shaka. Watoto wa siku hizi hawana adabu na vitu vya watu.

Jumapili, 8 Juni

Nimekosa kanisa, lakini nimemaliza! Nimepanga kwa majina ya waimbaji, A mpaka Z. Kila albamu na picha yake ya mbele, nimetafuta mtandaoni moja moja mpaka macho yakauma. Inapendeza. Sijawahi kufanya kazi safi hivi.

Jumatatu, 9 Juni

Siku mbaya. Niandike tu.

Nilifika 46 na kompyuta. Nikachanganya waya za nyuma na ya katikati, Guka akauliza, "Huyu mama anaimbia chooni?" Tukacheka sote. Nikarekebisha. Ikacheza sawa, akasikiza wimbo mzima, mikono kwa magoti. Nikajiona fundi.

Halafu akauliza kava nimeweka rafu gani.

Nikamwambia nimetupa. Nilisema hivyo hivyo, kwa raha zangu, kama mtu amesaidia.

Akageuza uso kwa rafu tupu. Kisha akaeleza. Mkewe Nyambura alikuwa fundi wa nguo. Diski mpya ikija, wanaisikiza pamoja, halafu Nyambura anaenda kwa mkebe wake wa vifungo, anachagua kile kinachofanana na huo muziki, anakigandisha kwa kava. Cha koti. Cha blausi. Cha sweta ya shule. Guka akipapasa anajua ni diski gani, na anajua ni nguo gani. Nyambura alifariki mwaka juzi.

Si wajukuu. Hana mjukuu mmoja anayeishi Nairobi.

"Sikukuambia," alisema. "Nilidhani mwenye macho haambiwi tazama."

Akaniomba niende nyumbani. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Na ile kazi yangu safi, A mpaka Z, na picha! Picha, kwa mtu haoni. Akoth, wewe ni mjinga.

Jumanne, 10 Juni

Asubuhi mapema kwa Mama Owino. Kava zilikuwa zimeshapondwa kwa mawe ili zijae vizuri kwa magunia, na gunia moja lilikuwa limeondoka jana. Alinigombeza kwanza. "Unatupa kitu cha mwenyewe bila kumuuliza? Ulilelewa wapi wewe?" Halafu akavuta ndoo, akaketi, akatafuta na mimi mpaka saa tisa. Yule mama ana roho.

Kava nzima tumepata saba. Vifungo vilivyobanduka, kumi na tisa, vingine kwa matope. Nimekatwa kidole na plastiki. Nimelia, na si kidole kilichoniliza.

Jumatano, 11 Juni

Hashiki simu. Nikaenda hivyo hivyo, bila kualikwa.

Nilimwekea kava saba mezani na vifungo kwa kikombe. Nikasema, "Guka, nisamehe, hivi ndivyo nimepata." Alimimina vifungo, akavitenga kwa kidole kimoja, polepole. Kila kimoja alikitaja. Hiki cha koti la baridi. Hiki cha gauni la harusi ya dadake. Sauti yake ikaanza kurudi. Nikauliza, na vilivyopotea unavikumbuka? Akaona kama nimemtusi. Akainua mkono hewani, pale rafu ilipo, akaanza kutoka kushoto kwenda kulia, moja baada ya nyingine, kidole kinagusa kava ambazo hazipo. Koti la baridi tena. Kanzu ya kwaya. Sweta ya Wangari, huyo ni binti yake wa kwanza. Aproni. Mkanda. Baada ya kila kifungo anasema ni muziki gani, ananiimbia kidogo kama sijaelewa.

Nilikuwa naandika, kalamu ikashindwa. Nikawasha simu irekodi, nikamwomba aanze upya.

Sitini alizitaja. Mbili za mwisho hazikuwa na kifungo, alizinunua mwenyewe Nyambura akiwa ameshafariki. Hizo anaziita Tupu ya kwanza na Tupu ya pili.

Nilipoondoka alisema, "Sasa itabidi niwe naita mtu anichagulie." Hakusema kwa hasira. Alisema tu. Nimetembea mpaka kituo nikijisikia mchawi.

Ijumaa, 13 Juni

Ilinijia juzi usiku nikiosha vyombo. Sauti! Si nimemrekodi?

Jana na leo nimefunga duka. Nimekata ile rekodi vipande sitini na viwili. Kila albamu sasa inaanza na Guka mwenyewe akitaja kifungo chake. A mpaka Z nimefuta. Mpangilio ni ule wa rafu, kushoto kwenda kulia, kama Nyambura alivyoacha. Ukibonyeza kitufe cha chini unasikia jina linalofuata. Cha juu unarudi. Enter inacheza. Basi. Sauti ya jina nimeiweka itoke spika ya nyuma kushoto, kwa sababu rafu iko huko.

Kibodi nimeing'oa vitufe vyote na bisibisi, nimebakisha vitatu. Inatisha kuangalia, kama mdomo wa bibi kizee. Lakini nani ataiangalia?

Naogopa. Akikataa sina kingine.

Jumamosi, 14 Juni

Nilimpelekea kompyuta, akabonyeza. "Koti la baridi," ikasema nyuma yake. Akaruka! "Huyo mzee ni nani?" Nikamwambia ni yeye. Akasema haiwezekani, huyo amezeeka.

Kisha akabonyeza tena. Na tena. Akapita rafu nzima mpaka mwisho bila kucheza wimbo hata mmoja. Sikujua kama ni vizuri au vibaya. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa hivyo nikaangalia dirishani. Vile vifungo kumi na tisa alikuwa ameviweka mfukoni, vinalia kila akisogea.

Hakusema amenisamehe. Alisema ninywe chai.

Alhamisi, 19 Juni

Mama Brayo amenipigia: tangu juzi hakuna muziki kwa nyumba ya Guka.

Nikaacha wateja wamesimama. Nimemkuta kwa kiti chake, kibodi mapajani, nyumba kimya. Kwa skrini kuna dirisha limetokea, kompyuta inaomba ruhusa ya kujizima na kujiwasha upya. Siku mbili inangoja mtu aione. Anabonyeza, inakataa, anabonyeza.

Nilimfokea. Mzee wa watu! "Guka, kwani simu yako imeharibika? Si ungeniita!" Akasema amechoka kuita. Akasema, "Ukija kila siku kuniwashia, basi muziki ni wako, si wangu."

Na ni kweli.

Nimekaa pale mpaka jioni. Nimetoa mtandao kabisa. Nimezima kila kitu kinachojua kuomba ruhusa. Stima ikipotea na kurudi, kompyuta inajiwasha yenyewe na kusema jina la kwanza. Nimechomoa waya ukutani mara tano kuhakikisha. Halafu nikamwambia natoka nje, nakaa kwa ngazi na Mama Brayo, na sitaingia hata akiniita.

Ilikuwa ngumu. Mara moja nilisikia imekwama, au amekosea. Kimya. Akaguna. Kitu kikaanguka. Nikainuka, na Mama Brayo, mikono imejaa sabuni, akanivuta sketi nikaketi. "Wacha mwanaume afanye." Dakika nyingi. Halafu fidla zikaanza, zote, na hakuna aliyepiga makofi, ingawa nilitaka.

Jumatatu, 23 Juni

Hajapiga. Nimeangalia simu kama mara ishirini. Nikampigia Mama Brayo, haikushikwa. Nimejaribu kufikiria madirisha mengine yanayoweza kutokea. Nimempa mteja sinema ya watoto badala ya ibada. Karudi akinung'unika, na ana haki.

Jumapili, 29 Juni

Baada ya kanisa nilienda 46. Nilijidanganya naenda kuangalia mitumba. Miguu ikanipeleka kwa geti ya Guka.

Kimya. Mama Brayo hayuko, mlango wake una kufuli, wapangaji wote bado kanisani. Nikaweka mkono kwa geti. Nilikuwa karibu kubisha hodi, kweli nilikuwa karibu.

Ndani kompyuta ikasema, "Kanzu ya kwaya." Kimya kidogo. "Sweta ya Wangari." Kimya. "Aproni." Hataki. Anapita tu, hana haraka, mtu anachagua chake Jumapili mchana. Akarudi nyuma moja. Akapita tena mbili. Halafu muziki ukaanza, juu sana, mpaka bati la geti likatetemeka chini ya mkono wangu.

Sikubisha. Nimefurahi na imeniuma kidogo, sijui kwa nini zote mbili. Nilisimama mpaka wimbo wa kwanza wote ukaisha, nikanunua sukuma na nyanya pale kona, nikarudi nyumbani kupika.