Karkade Iliyomlevya Bibi

Salma mjukuu wangu,

Huku mtaani Ruwais hatujambo. Goti la babu yako limetulia. Baba yako bado amenuna kwa ajili ya huyo mchumba wako.

Umeniuliza habari uliyoisoma huko chuoni Riyadh: kwa nini Wamisri wa kale walilewa hekaluni wakaita ibada? Eti mungu wao wa kike alikuwa akiua watu, wakampa bia nyekundu, akadhani damu, akalewa, hasira zikamwisha.

Nilicheka peke yangu. Siku ya harusi yangu, bibi yangu hakumtaka babu yako, akajikunyata pembeni amenuna. Jirani yetu Mmisri akampa karkade, yale maji mekundu ya maua. Akanywa, akaongeza. Madufu yalipolia akainuka, akacheza mpaka kichwa kikamzunguka.

"We mwanamke, umenilevya!"

"Wallahi, Bibi, ni maua na sukari tu!"

Akamsogezea kikombe. "Basi nitilie tena."

Ibada yao si yetu, mwanangu, lakini haja yao naielewa: walimtaka aliyekasirika arudi kwao.

Ijumaa njoo na mchumba wako. Baba yako nimeshamwalika, na maua nitayaloweka tangu asubuhi.

Bibi yako